Maswali ya Wasomaji: Skana za Mkono na Kompyuta za Nyumbani za Miaka ya 1980

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa kifaa kimoja, kwa sababu barua zinazokihusu zimekuwa nyingi: skana ya mkono, ile inayoshikwa kiganjani na kuburutwa juu ya karatasi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ilitengenezewa kompyuta za nyumbani kama Commodore 64, Amiga na Atari ST, pamoja na PC za wakati huo, kwa kuwa skana ya meza ilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida. Barua tumezifupisha na majina ya waandishi tumeyaacha.

Plagi ya duara haiingii popote

*Katika duka la vifaa vilivyotumika nimepata skana ya mkono iliyoandikwa 400 DPI (nukta 400 kwa inchi) upande wa chini. Waya wake unaishia kwenye plagi ndogo ya duara yenye pini kadhaa. Nyumbani nina Amiga 500 ambayo mjomba aliileta kutoka Uingereza mwaka 1991, na bado inawaka vizuri. Je, fundi akinitengenezea adapta ya kubadilisha plagi, nitaweza kuitumia? – Msomaji, Dar es Salaam*

Ndugu msomaji, tafadhali usimruhusu fundi achomeke kitu chochote kabla hujasoma jibu hili hadi mwisho. Ulichonunua ni sehemu moja tu ya kifaa chenye sehemu tatu, na hakuna adapta ya plagi inayoweza kuziba pengo la hizo mbili zilizobaki.

Ukikifungua kichwa hicho, yaani sehemu inayoshikwa mkononi, utakuta safu ya taa ndogo zinazoangaza karatasi, kioo kinachogeuza mwanga, lenzi, na kihisi chembamba kinachosoma mstari mmoja wa nukta kwa wakati mmoja. Rola ya mpira iliyo chini inapozunguka huzungusha kisahani chenye mianya, na kila mwanya unapopita, ishara hutoka kusema kwamba mkono umesogea hatua moja na mstari mpya usomwe. Kwa hiyo kinachopita katika waya ule si picha kamili, bali ni mtiririko wa nukta nyeusi na nyeupe zinazokuja kwa mwendo wa mkono wako, na skana yenyewe haina mahali pa kuzihifadhi hata kwa nusu sekunde. Lazima upande wa pili pawe na kitu kinachozipokea, kinachozikusanya nane nane na kuzikabidhi kwa kompyuta kabla mstari unaofuata haujafika. Kitu hicho ndicho sehemu ya pili, yaani kisanduku au kadi ya kuunganishia. Sehemu ya tatu ni programu inayojua lugha ya kisanduku hicho hasa, wala si cha kampuni nyingine.

Kila kompyuta ilikuwa na mlango wake. Kwenye PC, skana kama Logitech ScanMan au Genius GeniScan zilikuja na kadi ya kupachikwa ndani ya kompyuta, na nukta zilipelekwa moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Kwenye Atari ST kisanduku kilichomekwa kwenye tundu la katriji lililo ubavuni kushoto. Kampuni ya Migraph ya Marekani iliuza seti ya namna hiyo pamoja na programu yake ya Touch-Up. Wajerumani wa Scanntronik waliitengenezea hata Commodore 64 skana ya mkono, wakaiunganisha na programu zao za kupangia kurasa za Printfox na Pagefox. Kwa Amiga yako walikuwapo Golden Image, na Power Computing wa Uingereza, na kisanduku kilikaa kwenye tundu la printa nyuma ya kompyuta.

Tatizo ni kwamba vichwa hivi vinafanana sana kwa sura. Plagi mbili zinaweza kulingana kwa umbo, lakini pini inayopeleka umeme katika moja ikawa ndiyo pini ya ishara katika nyingine, na hilo hutalitambua kwa macho. Isitoshe, kwenye Amiga 500 nyaya za tundu la printa zinaelekea kwenye chip ya 8520 bila kinga ya maana katikati. Miaka mingi iliyopita niliunguza chip kama hiyo kwa kuchomeka kisanduku wakati kompyuta ikiwa imewaka. Hakukuwa na moshi wala harufu, ila tangu saa ile printa haikupokea tena hata herufi moja. Bahati yangu ni kwamba kwenye Amiga 500 chip hiyo imekaa kwenye soketi, kwa hiyo niliing'oa na kuweka nyingine bila kulehemu. Tangu hapo, kabla sijagusa waya wowote, nazima kompyuta, nachomoa plagi ya ukutani, na kuhesabu hadi thelathini.

Ushauri wangu ni huu: soma namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini, kisha utafute kisanduku na disketi ya modeli hiyo hiyo. Ikiwa skana yako ilitengenezwa kwa ajili ya PC, itakuwa rahisi zaidi kuipatia PC ya zamani na kadi yake kuliko kuilazimisha kuzungumza na Amiga. Na kwa wasomaji wengine ambao bado hawajanunua: mwombeni muuzaji picha ya vitu vitatu, kichwa, kisanduku na disketi. Akiwa na kichwa peke yake, bei yake iwe ya kichwa peke yake.

Picha inapinda kama mto

*Skana yangu inafanya kazi, lakini mistari iliyonyooka kwenye karatasi inatokea imepinda, na sura za watu zinakuwa fupi upande mmoja na ndefu upande mwingine. Je, kihisi kimeharibika? – Msomaji, Nakuru*

Kihisi chako ni kizima. Unachokiona ni mchoro wa mwendo wa mkono wako, na makosa hayo mawili yana vyanzo viwili tofauti.

Kupinda hutokana na kichwa kuzunguka kidogo kadiri kiwiko kinavyokunjuka, kwa sababu mkono wa binadamu kwa maumbile yake huchora tao, hauchori mstari ulionyooka. Dawa yake ni reli. Chukua rula ndefu ya chuma au ubao ulionyooka, ubandike mezani kwa gundi ya karatasi, kisha egemeza ubavu wa skana hapo na uivute kuja kwako, usiisukume kwenda mbele. Mkono mmoja ushike skana, na mwingine ukandamize karatasi upande ulikoanzia. Kiwiko kisiegemee meza. Uvute kwa bega, kama mtu anayepiga pasi. Zamani ziliuzwa trei maalumu za plastiki kwa kazi hii, lakini ubao wa fremu ya mlango umenitosha kwa miaka yote.

Ufupi na urefu ni suala la rola. Kwa kuwa ni rola inayosema lini mstari mpya usomwe, ukienda polepole au haraka picha haipaswi kubadilika urefu, na huo ndio uzuri wa ubunifu wake. Inabadilika katika hali mbili tu. Ya kwanza ni rola kuteleza juu ya karatasi laini, ambapo mkono unasogea lakini kisahani hakizunguki, na sehemu hiyo ya picha inapotea. Ya pili ni kwenda kwa kasi kuliko kompyuta inavyoweza kupokea, ambapo mistari inarukwa na picha inasinyaa. Kadiri unavyoongeza nukta kwa inchi ndivyo unavyotakiwa kupunguza mwendo. Kwa nukta 400, mimi hutumia karibu nusu dakika kwa ukurasa wa daftari. Ukiona upande mmoja tu umesinyaa, maana yake ni kwamba unaanza taratibu na kumaliza kwa pupa, jambo ambalo hutupata wengi tunapouona mwisho wa karatasi.

Jambo jingine ambalo hukuuliza, lakini utalikuta: upana wa kusoma wa skana nyingi hizi ni milimita 105, na upana wa karatasi ya A4 ni milimita 210. Anayeanza hudhani kanda mbili zitatosha. Hazitoshi, kwa sababu bila sehemu inayopandana hutakuwa na alama ya kukuonyesha wapi pa kuziunganisha. Panga kanda tatu, na kabla ya kuanza weka vijialama viwili vya penseli katika kila sehemu ya kupandana, kimoja juu na kimoja chini.

Kumbukumbu imejaa kabla ya picha kuisha

*Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina Atari 520ST yenye skrini ya nyeusi na nyeupe na skana ya mkono yenye kisanduku chake kamili. Nikichagua nukta 400 kwa inchi, programu inakoma baada ya sentimita chache na kusema kumbukumbu imejaa. Nilidhani namba kubwa ndiyo inayotoa picha bora. Nifanye nini ili nichapishe michoro ya mimea kwenye kijitabu cha wajukuu? – Tanga*

Shikamoo, Mwalimu. Swali lako ni la hesabu, na ninafurahi kwamba limetoka kwa mwalimu, kwa maana ukishaiona hesabu yenyewe hutahitaji ushauri wa mtu mwingine.

Kwa nukta 400 kwa inchi, mstari mmoja wa skana una nukta 1,664, na kwa kuwa kila nukta ni nyeusi au nyeupe tu, nane huingia katika baiti moja. Mstari mmoja kwa hiyo ni baiti 208. Sentimita moja ya urefu ina mistari 157 na nusu. Zidisha, utapata karibu baiti 32,760 kwa kila sentimita. Sasa linganisha na skrini yako ya nyeusi na nyeupe, ambayo ina nukta 640 kwa 400, yaani baiti 32,000. Maana yake ni kwamba kila sentimita moja unayoburuta kwa nukta 400 inameza kumbukumbu zaidi ya ile inayotosha skrini yako nzima. Kompyuta yako ina kilobaiti 512 kwa jumla, na ndani ya hizo lazima ienee skrini, mfumo, programu yenyewe, na mara nyingi nakala ya pili ya picha ambayo programu huitunza ili uweze kutengua kosa. Si ajabu kwamba inakoma.

Ukishusha hadi nukta 200, upana unakuwa nusu na mistari nayo inakuwa nusu, hivyo sentimita moja inagharimu kilobaiti 8 badala ya 32. Kwa nukta 100 ni kilobaiti 2 tu. Kila unapopunguza kwa nusu, unaokoa robo tatu.

Swali linalobaki ni namba ipi inakufaa, na jibu linategemea mahali picha inapokwenda. Ikiwa itabaki kwenye skrini, nukta 100 kwa inchi zinakupa upana wa nukta 416, ambao unakaa vizuri ndani ya 640. Ukitumia 400 itakubidi uipunguze, na kuipunguza picha ya nyeusi na nyeupe kunavunja mistari myembamba, na mishipa ya majani yako ndiyo itakayokuwa ya kwanza kupotea. Ikiwa inakwenda kwenye printa, angalia printa. Ile ya sindano 24 huchapisha michoro kwa nukta 180 kwa inchi. Ukiipa picha ya nukta 200 na kuiagiza ichapishe nukta kwa nukta, mchoro wa milimita 105 utatoka na upana wa milimita 117 hivi, mkubwa kidogo kuliko wa asili, na hakuna mstari utakaopotea. Kwa michoro ya mimea hilo ni jambo zuri. Nukta 400 zitumie kwa alama ndogo tu, kwa mfano mbegu au muhuri, ambazo unataka kuzikuza mara mbili.

Usisahau swichi ya pili iliyo ubavuni, ile ya kuchagua herufi au picha. Mchoro wa wino unataka upande wa herufi, ambapo kila nukta inaamuliwa kuwa nyeusi au nyeupe bila ubishi. Upande wa picha hutawanya nukta ili kuiga rangi ya kijivu, na hapo karatasi nyeupe ya kijitabu chako itajaa vumbi lisilokuwapo. Gurudumu dogo la mwanga na giza lijaribu kwenye sentimita mbili za kwanza kwa nukta 100, kabla hujaanza kazi yenyewe.

Kanga nyekundu inapotea

*Nataka kuingiza mapambo ya kanga za bibi kwenye Amiga yangu yenye megabaiti moja, ili nibuni kadi za harusi. Kanga moja ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kwenye skrini sehemu nyekundu hazionekani kabisa, kana kwamba hazipo. Kanga nyingine zinatoka vizuri. – Msomaji, Unguja*

Dada yangu, hii ndiyo barua iliyonifurahisha kuliko zote za safari hii, na nimekaa nayo siku mbili.

Geuza skana yako, bonyeza kitufe, utazame rangi ya taa zake. Naamini utaona ni nyekundu. Skana hizi hazina taa nyeupe. Nyingine zina taa nyekundu, nyingine za kijani au za kijani kinachokaribia njano, na kihisi hakijui rangi, kinajua tu mwanga mwingi au kidogo. Chini ya taa nyekundu, kitambaa chekundu hurudisha mwanga karibu sawa na kitambaa cheupe, na kihisi hakiwezi kutofautisha wekundu na weupe. Chini ya taa ya kijani, wekundu huumeza mwanga na hutokea mweusi. Chora mstari kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi nyeupe, uupitishe. Ukipotea, umepata uhakika.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuazima skana yenye taa za kijani, na hapo nyekundu na nyeusi zote zitatoka nyeusi. Ya pili ni kuugeuza upungufu kuwa faida: skana yako inakupa weusi peke yake, safi, umetenganishwa na wekundu, na mpiga chapa wa vitambaa hulipa fedha ili atenganishiwe rangi namna hiyo. Weka weusi huo kama tabaka la kwanza, kisha ujaze wekundu kwa mkono katika programu ya kuchorea, ukiitazama kanga iliyo mbele yako.

Kuhusu kitambaa chenyewe, usikiburute kikiwa kimelegea, kwa sababu rola itakivuta na kukikunja. Kipige pasi kwa wanga, ukitandaze juu ya ubao, ukibane kwa pini pembezoni huku nyuzi zikiwa zimenyooka, kisha utandaze juu yake karatasi ya plastiki nyembamba inayoonyesha. Rola inapita juu ya plastiki, kanga haiguswi. Usitumie kioo cha dirisha: unene wake utakiweka kitambaa mbali na lenzi na picha itafifia.

Wala usijaribu kuingiza kanga nzima. Urefu wake ni kama mita moja na nusu, na upana zaidi ya mita moja. Kwa skana ya milimita 105 utaunganisha kanda zaidi ya kumi, na hata moja haitakaa sawa na mwenzake. Itazame kanga kama aliyeibuni alivyoitazama. Pindo hurudia pambo moja mara nyingi; chukua pambo moja tu, kwa nukta 200, lirekebishe kwa uangalifu nukta kwa nukta, kisha uliache lijirudie katika programu. Katika mji, yaani uwanja wa kati wa kanga, chukua pambo la katikati na moja la pembeni. Jina, yaani maneno yaliyochapwa kwenye kanga, kwa kuwa herufi zake kwa kawaida hazifiki kimo cha sentimita kumi, linasomeka kwa ukanda mmoja: anza kwenye herufi ya kwanza, uvute kuelekea ya mwisho, na baadaye uigeuze picha kwa pembe ya mraba. Jina la sentimita 60 kwa nukta 100 litachukua kilobaiti 120 hivi, na Amiga yako inazibeba bila taabu.

Baadhi ya kanga hizo, kama ni za bibi, huenda zina jina ambalo halichapishwi tena. Liandike pia kwa herufi za kawaida pembeni ya faili, pamoja na mwaka ukiujua.

Barua za babu kwenye Sakhr

*Assalaam alaykum. Nina Sakhr AX170 ya marehemu baba, pamoja na kiendeshi cha disketi, na barua za babu yangu kutoka Zanzibar, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ningependa kuziona kwenye kompyuta hiyo hiyo ambayo baba aliitumia. Nitafute skana gani ya mkono? – Msomaji, Maskati*

Waalaykum salaam. Usitafute yoyote, ndugu yangu. Skana ya mkono hugusa karatasi kwa rola na huibana. Barua ya zamani iliyokunjwa mara nne itachanika kwenye mkunjo, na wino uliokauka unaweza kubaki kwenye mpira. Hata ile plastiki niliyomshauri dada wa Unguja haitoshi hapa, kwa kuwa uzito wa mkono unabaki. Zipige picha kwa simu au kamera nzuri, zikiwa zimelala mezani karibu na dirisha, bila jua la moja kwa moja.

Kuhusu kuziona kwenye Sakhr, hilo linawezekana, na lina maana yake. Mashine za Sakhr, ambazo kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait iliziuza kwa wasomaji wa Kiarabu, ni za familia ya MSX, yaani kompyuta za nyumbani za kampuni mbalimbali zilizofuata kiwango kimoja, na MSX hutumia disketi za kilobaiti 720 zenye mpangilio ambao PC inausoma na kuuandika. Kata kwenye picha mstari mmoja au miwili tu ya maandishi, uipunguze hadi nukta 256 kwa 192, uifanye nyeusi na nyeupe, kisha uibadilishe kwa programu ya kisasa kuwa faili la SC2. AX170 inaruhusu rangi mbili tu katika kila nukta nane za mlalo, sharti ambalo huharibu picha za rangi lakini haliyadhuru maandishi hata kidogo. Kwenye Sakhr andika mistari mitatu:

10 SCREEN 2
20 BLOAD"BARUA.SC2",S
30 GOTO 30

Mstari wa mwisho unaizuia kompyuta isirudi kwenye maandishi yake na kuifuta picha. Maandishi ya babu yatabaki hapo hadi utakapobonyeza CTRL na STOP kwa pamoja.

Kuzitoa picha kwenye Amiga

*Laptopu yangu haisomi disketi za Amiga. – Mombasa*

Haisomi kwa sababu Amiga huandika disketi kwa mpangilio wake, na kiendeshi cha kawaida cha PC hakiuelewi. Ikiwa una Workbench (programu za mfumo wa Amiga) 2.1 ya mwaka 1992 au ya baadaye, ndani yake mna CrossDOS, inayoiwezesha Amiga kuandika disketi za PC za kilobaiti 720. Huo ndio mlango rahisi. Kama huna, kifaa kidogo kiitwacho Greaseweazle, kinachounganishwa kwa USB na kiendeshi cha disketi, husoma disketi za Amiga zilivyo. Picha zako zitakuwa za aina ya IFF, na zana ya ilbmtoppm iliyo katika Netpbm, mkusanyo wa programu za kubadilisha aina za picha, huzigeuza bila kupoteza nukta hata moja. Usizihifadhi kwa JPEG. Hiyo imetengenezwa kwa picha za kamera na itachafua kingo za mistari.

Rola imekuwa nata

*Mpira wa rola umelainika, unashika vidole kama gundi. Nikiusafisha kwa spiriti unazidi kutoka. – Arusha*

Mpira ukiwa mgumu na unateleza, husafishwa kwa alkoholi ya isopropili, na hupona. Ukishalainika kama wako, umekufa, na kila unapoutumia unaacha alama kwenye karatasi. Utoe wote hadi kwenye mhimili. Lakini kabla hujautoa, ikiwa kuna sehemu bado ina umbo, pima kipenyo chake kwa kipimo cha fundi, kwa sababu kipenyo hicho ndicho kinachoamua urefu wa picha zako. Tuseme rola ilikuwa milimita 10 nawe ukaivisha mpira unaoifanya iwe 11: itazunguka kidogo zaidi ya tisa ya kumi ya inavyotakiwa, na picha zote zitatoka fupi kwa asilimia 9.

Mbadala unaopatikana kirahisi ni ule mpira wa kusinyaa kwa joto ambao mafundi umeme huvisha nyaya. Ivishe rola tabaka moja, ulisinyaze kwa hewa ya moto mbali na plastiki ya skana, upime, uongeze jingine, hadi kipenyo kirudi. Uso ukiwa laini mno, usugue kidogo kwa msasa mwembamba. Kisha weka rula chini ya skana, upitishe sentimita 10 kamili kwa nukta 200 kwa inchi, na uhesabu mistari kwenye programu. Inapaswa kuwa 787. Ikizidi, rola bado ni nyembamba, ongeza tabaka; ikipungua, msasa tena.